Mama, Uliza: "Namba ya Mtoto Wangu ni Ngapi?"

MAONI YA MHUDUMU WA AFYA YA JAMII



Katika kazi yetu ya kupita nyumba kwa nyumba tunasikia mengi. Kuna maneno ambayo nimeyasikia bombani, nimeyasikia kwenye foleni ya posho, na nimeyasikia hata msibani. Nimeona si vizuri niendelee kuyanyamazia. Wengine wanasema: "Mtoto akishawekewa oksijeni, huyo harudi nyumbani." Wengine wanasema: "Oksijeni inapofusha watoto." Na wapo wanaosema kinyume kabisa: "Hewa ni hewa, haina madhara, waiongeze tu mtoto apone haraka."

Maneno ya kwanza si kweli. Maneno ya pili yana ukweli ndani yake, lakini watu wanautumia ukweli huo vibaya. Maneno ya tatu ni ya hatari. Leo nataka tuyachambue yote matatu, kisha nitoe maoni yangu ambayo najua hayatawapendeza wote, hata baadhi ya wakubwa zangu wa kazi. Maoni yangu ni haya: oksijeni ni dawa, dawa ina kipimo, na mama anayekaa kando ya mtoto wake usiku na mchana anapaswa kufundishwa kukisoma kipimo hicho.

KWA NINI WATU WANAOGOPA

Hofu hii ina chanzo. Watu wanaona mtoto anawekewa vimirija puani asubuhi, na jioni wanasikia kilio. Wanaunganisha mambo mawili na kusema vimirija ndivyo vilivyomwua.

Lakini fikiri kidogo, ndugu yangu. Wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya rufaa kwa gari la wagonjwa hufa kwa wingi kuliko wale wanaokwenda zahanati kwa miguu. Je, gari ndilo linaloua? Hapana. Gari linabeba wale walio hoi. Oksijeni nayo ni hivyo hivyo. Hawapewi watoto wote, wanapewa wale ambao kifua chao kimeshashindwa kufanya kazi peke yake. Baadhi yao huchelewa kufika, na mara nyingi huchelewa kwa sababu hiyo hiyo ya kuogopa oksijeni. Mtoto anafichwa nyumbani siku mbili, analetwa akiwa wa buluu, anafariki, na kifo chake kinakuwa ushahidi mpya kwamba oksijeni inaua. Hivyo hofu inazaa vifo, na vifo vinazaa hofu.

MTOTO MCHANGA NA PUMZI YAKE

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Anapata oksijeni kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu, na mapafu yake yamejaa maji. Akizaliwa, kwa dakika chache tu, maji hayo yanapaswa kuondoka na hewa iingie. Wengi wanafanikiwa, ndiyo maana tunafurahi kusikia kilio cha kwanza.

Wengine hawafanikiwi. Aliyezaliwa kabla ya siku zake, yule ambaye wengi wanamwita njiti, mapafu yake bado hayajakomaa. Vifuko vya hewa vinakosa utelezi wa kuvizuia visigandamane, kwa hiyo kila pumzi kwake ni kazi nzito. Mwingine amechoka kwa uchungu wa muda mrefu. Mwingine amevuta kinyesi chake cha kwanza kikiwa ndani ya maji ya uzazi. Mwingine ana nimonia au maambukizi ya damu.

Hewa tunayovuta mimi na wewe ina oksijeni kama asilimia 21. Inayotoka kwenye mtungi wa hospitali ni karibu oksijeni tupu. Ile ya mashine inayochuja hewa ya chumbani hufika kama asilimia 93. Kwa hiyo usidhani ni "hewa tu". Ni kitu chenye nguvu ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Mwaka 2017 matumizi yake kwa wagonjwa waliopungukiwa oksijeni mwilini yaliandikwa wazi katika orodha hiyo. Kama ni dawa, basi swali la kwanza ni lile tunalouliza kwa kila dawa: kiasi gani?

KIDOGO MNO NI HATARI, NYINGI MNO NI HATARI

Oksijeni ikipungua mwilini, ubongo ndio unaoumia mapema. Mtoto anaweza kufa, au akapona lakini akabaki na ulemavu: shingo haikazi, viungo vinakakamaa, anachelewa kukaa na kusema. Watoto wa namna hiyo tunao humu kambini na tunawajua, ingawa si wote waliopata ulemavu kwa sababu hii.

Oksijeni ikizidi, anayeumia zaidi ni yule aliyezaliwa kabla ya siku zake. Nyuma ya jicho kuna ngozi laini inayopokea mwanga, inaitwa retina. Kwa mtoto huyu mishipa ya damu ya retina bado inaota. Oksijeni nyingi inaivuruga mishipa hiyo, inaota vibaya, na mwisho inaweza kuivuta retina ikabanduka. Hapo mtoto anakuwa kipofu maisha yake yote.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Marekani, aitwaye Theodore Terry, aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza. Miaka ile hospitali za nchi tajiri zilikuwa zimeanza kuwaweka watoto njiti kwenye visanduku vya joto na kuwafungulia oksijeni nyingi, kwa nia njema kabisa. Mwaka 1951 Kate Campbell, daktari wa watoto wa Melbourne, Australia, aliandika kwamba oksijeni hiyo ndiyo inayoonekana kuwapofusha. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1953 katika hospitali 18 ukathibitisha. Inakadiriwa watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wameshapofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, ambaye wengi mmesikia nyimbo zake redioni, alizaliwa kabla ya siku zake mwaka 1950, akawekwa kwenye kisanduku chenye oksijeni, na macho yake yakapotea kwa njia hiyo.

Sikiliza kilichofuata, maana ndicho chenye fundisho. Baada ya kujua hayo, hospitali nyingi zilibana oksijeni. Upofu ulipungua, lakini madaktari waliochunguza baadaye waliona kwamba watoto wengi walikuwa wamekufa kwa kukosa pumzi. Walikimbia shimo moja wakaangukia jingine.

Hata katika miaka yetu hii swali hilo limeendelea kuchunguzwa. Katika tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa, zikiwemo Marekani, Kanada, Uingereza na Australia, watoto karibu 5,000 waliozaliwa kabla ya wiki 28 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekwa kwenye oksijeni ya chini kidogo mwilini, asilimia 85 hadi 89. Kundi la pili liliwekwa juu kidogo, 91 hadi 95. Matokeo yaliunganishwa mwaka 2018. Katika kundi la chini walikufa kama watoto 20 kwa kila 100, na katika kundi la juu kama 17. Lakini waliohitaji matibabu ya macho walikuwa kama 11 kwa kila 100 katika kundi la chini, na kama 15 katika kundi la juu.

Umeona, msomaji? Tofauti ya namba chache tu upande huu inachukua uhai, na upande ule inachukua macho. Ndiyo maana nasema oksijeni haiwezi kutolewa kwa kukisia.

NAMBA YENYEWE NI IPI

Kifaa kinachopima kinaitwa oksimita. Ni kamba yenye kitambaa au kibanio kidogo kinachofungwa kwenye mguu au mkono wa mtoto. Hakichomi sindano wala hakinyonyi damu, kama wengine wanavyodhani. Kinapitisha mwanga kwenye ngozi na kusoma ni sehemu gani ya damu iliyobeba oksijeni. Wazo la kupima hivyo kwa kufuata mapigo ya damu lilitolewa na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974.

Kioo cha oksimita kinaonyesha namba mbili. Moja ni oksijeni, kwa asilimia, nayo haivuki 100. Nyingine ni mapigo ya moyo, ambayo kwa mtoto mchanga mara nyingi ni 120 hadi 160 kwa dakika. Mama asichanganye hizi mbili. Ukiona 140, huo ni moyo, si oksijeni.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 na anayepewa oksijeni, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema namba yake iwe kati ya 88 na 95, isivuke hapo, ili kulinda macho. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, jambo kubwa ni isishuke chini ya 90. Kila mtoto ana lengo lake, kwa hiyo muuguzi ndiye wa kukuambia la kwako.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulikosea. Kama mtoto hana vimirija, anavuta hewa ya kawaida, na oksimita inasoma 97 au 99, hilo ni jambo la kushukuru. Hatari ya namba kubwa ipo pale tu mtoto anapoongezewa oksijeni. Vilevile mtoto aliyetoka kuzaliwa huanza na namba ndogo na kupanda taratibu kwa muda wa kama dakika 10, kwa hiyo mkunga asipokimbilia oksijeni dakika ya kwanza usidhani amezembea.

Oksimita nayo inaweza kudanganya. Mguu ukiwa wa baridi, mtoto akirusha miguu, kibanio kikilegea, au mwanga mkali wa taa ya manjano ukikipiga, namba inaruka ovyo. Tena utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 kwa wagonjwa watu wazima ulionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki mara nyingine husoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo namba isomwe pamoja na mtoto mwenyewe. Je, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika? Mbavu zinabonyea ndani? Pua zinatanuka? Anaguna kila akitoa pumzi? Ulimi na ufizi umekuwa wa buluu? Kwa ngozi zetu usitafute ubuluu kwenye uso, mfungue mdomo uangalie ulimi.

MAMA NDIYE ALIYEPO

Sasa nifike kwenye hoja yangu.

Kumpima mtoto asubuhi na kuandika kwenye faili hakutoshi. Hali ya mtoto mchanga inabadilika kwa dakika. Kimirija kinachomoka anapogeuzwa. Makamasi yanaziba. Jenereta linazimwa na mashine inanyamaza. Mtungi unaisha saa nane za usiku. Na upande mwingine, mtoto anapata nafuu, mapafu yanafunguka, lakini oksijeni imebaki pale pale ilipowekwa juzi, na sasa namba yake ni 99 saa baada ya saa. Hakuna anayelia, hakuna anayestuka, kwa sababu mtoto anaonekana mzuri, lakini macho yake yanaumia kimya kimya.

Nani ataona haya? Muuguzi wa usiku ni mmoja, na watoto ni wengi. Akiwa anamhudumia anayekata roho upande huu, hawezi kuwa upande ule. Silaumu wauguzi, nimewaona wakifanya kazi bila kukaa. Lakini kando ya kila mtoto kuna mtu mmoja asiyeondoka, mwenye macho mawili, na ambaye hakuna amzidiye kwa kumjali mtoto huyo. Mtu huyo ni mama, au bibi kama mama bado ni mgonjwa. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika chumba hiki mwenye macho anahitaji kuambiwa atazame wapi.

Kuwa na mama karibu si jambo la huruma tu, ni tiba. Huduma ya kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, tunayoiita kangaroo, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Wale walioanza kubebwa mapema, mama akikaa nao chumba kimoja, walikufa 12 kwa kila 100. Wale waliosubiri kwanza wapate nafuu walikufa karibu 16. Na walioanza mapema hawakuwa wazima, wengi wao walikuwa bado kwenye uangalizi wa karibu. Mtoto mwenye vimirija vya oksijeni, daktari akiona hali yake inaruhusu, anaweza kubebwa kifuani vimirija vikiwa puani. Kama mama anaweza kuaminiwa kumbeba mtoto huyo kifuani, kwa nini asiaminiwe kusoma namba mbili kwenye kioo?

WANAOPINGA WANASEMAJE

Nimezungumza na watu kuhusu wazo hili. Pingamizi zao ni za kweli na zinastahili jibu.

"Mama ataogopa kila namba ikiruka." Siku ya kwanza, ndiyo. Lakini anaogopa zaidi asipojua. Mama asiyejua anaona taa zinawaka na kusikia mlio, anadhani mtoto amekufa. Aliyefundishwa anaangalia kwanza kama kibanio kimelegea, anaangalia kifua cha mtoto, halafu anaita.

"Mama ataanza kugusa mashine." Kwa maoni yangu anayegusa ni yule ambaye hajaelezwa. Wapo wanaoongeza oksijeni kwa siri muuguzi akigeuka, na wapo wanaochomoa vimirija usiku kwa sababu ya yale maneno ya bombani. Wote wawili wanafanya hivyo kwa mapenzi. Ukimweleza mama kwamba nyingi inapofusha na kidogo inaua, hutahitaji kumlinda kama mwizi.

"Akina mama wengi hawakusoma." Hili linaniudhi kidogo, na mnisamehe wakubwa zangu. Mama ambaye hakukanyaga darasa anapiga simu Uvira kwa kuandika namba kumi na zaidi bila kukosea. Anajua kadi yake ya posho ina watu wangapi, na unga ukipungua kikombe kimoja anajua kabla hajaondoka kwenye mlango wa kugawia. Huyo hawezi kushindwa kujua kwamba 84 ni ndogo kuliko 88. Na kama kweli hajui tarakimu, rangi anazijua. Kadi yenye nyekundu chini, kijani katikati na njano juu haihitaji shule.

"Wauguzi watajiona wanasimamiwa na wagonjwa." Hapa nasema kwa heshima: mama anayesema "Sista, namba imeshuka hadi 83 na kifua kinabonyea" hajamsimamia mtu. Amemsaidia aliyechoka. Kazi ya kuamua na kurekebisha inabaki ya muuguzi na daktari.

TUNACHOOMBA HOSPITALI

Ninaandika kwenye gazeti la shirika lenyewe, kwa hiyo natumaini wahusika watasoma. Naomba mambo matano.

1. Kila kitanda cha mtoto anayepewa oksijeni kiwe na kadi ya Kiswahili yenye lengo la mtoto huyo: isishuke chini ya ngapi, isivuke ngapi. Iwe na rangi.

2. Mama aelezwe siku ile ile mtoto anapowekewa, kwa lugha anayoielewa. Wapo Wabembe, Wafuliiru na Wanyarwanda ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Sisi wahudumu wa jamii tupo, tuiteni tutafsiri.

3. Oksimita ya watoto wachanga ibaki chumba cha watoto wachanga. Ikiazimwa wodi nyingine, usiku huo watoto wote wanapewa dawa bila kipimo.

4. Pawe na mtungi wa akiba uliojaa kwa ajili ya saa ambazo umeme haupo, na ajulikane nani anaubadilisha usiku.

5. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au chini ya kilo 1.5, apewe tarehe ya kupimwa macho na mtaalamu, kama wiki 4 baada ya kuzaliwa. Ugonjwa huu ukikutwa mapema unatibika, hata kwa mwanga wa leza. Ukichelewa hautibiki. Kama mtaalamu yuko mbali, safari hiyo ihesabiwe kuwa rufaa kama rufaa nyingine.

TUNACHOWAOMBA WAZAZI

Akina mama, muulizeni muuguzi bila woga na kwa adabu: "Namba ya mtoto wangu ni ngapi, na inatakiwa iwe ngapi?" Hilo si tusi. Ni haki yako.

Ukiona namba iko chini ya lengo, au iko juu ya lengo na haishuki, ita. Ukiona kimirija kimetoka au kimeziba, ita. Mashine ikinyamaza, ita kwa sauti. Usisubiri zamu ibadilike.

Usizungushe kitasa cha oksijeni, si kuongeza wala kupunguza. Watoto wachanga wengi wanatosheka na nusu lita hadi lita moja kwa dakika. Tena kumbuka kwamba mko wengi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukiwahudumia watoto wanne, kila mmoja nusu lita kwa dakika, unadumu siku mbili na saa kadhaa. Ukimfungulia wako lita 2, anatumia peke yake sehemu ya wote wanne, na macho yake ndiyo yanayolipa.

Mfunike mtoto apate joto, maana akipoa oksijeni inamwishia haraka na kifaa kinasoma vibaya. Usimpake mafuta ya mgando puani penye vimirija. Mtu yeyote asiingie na sigara, mshumaa, kibatari wala jiko la makaa. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini cheche ndogo mbele yake inakuwa moto mkubwa.

Akina baba na mabibi, nanyi mna sehemu yenu. Mama huyo anahitaji chakula, maji na mtu wa kukaa na watoto wengine nyumbani. Msimwambie aombe ruhusa arudi kwa sababu siku ya posho imefika. Nendeni ninyi na kadi. Msimlazimishe achomoe vimirija kwa sababu jirani ameota ndoto.

Mtoto akianza kupunguziwa oksijeni, msipige kelele kwamba "wamemkatia tamaa". Wapo wanaoamini hivyo, na nimeona ugomvi mlangoni kwa sababu hiyo. Muuguzi akipunguza kidogo, akasubiri, akapima, akapunguza tena, maana yake mtoto anaanza kujitegemea. Ulizeni namba. Ikibaki ndani ya lengo bila vimirija, mshukuruni Mungu. Na kama mtoto wa jirani ana vimirija na wako hana, usidhani kuna upendeleo. Wako hahitaji.

Mkirudi nyumbani, endeleeni kumbeba kifuani na kumnyonyesha. Mkiona anapumua haraka, mbavu zinabonyea, anaacha kunyonya, analegea, anakuwa wa baridi au wa moto, au ulimi unakuwa wa buluu, mrudisheni siku ile ile. Usiku pia ni saa ya kuja. Mwiteni mzee wa mtaa au mhudumu wa afya aliye karibu atafute gari. Na ile tarehe ya macho, iandikeni kwenye kadi ya kliniki, msiipoteze.

Wazee wetu na viongozi wa dini, ninyi mnasikilizwa kuliko sisi vijana. Mkisikia mtu akisema oksijeni inaua, mwambieni kinachoua ni kuchelewa kuipata. Akisema inapofusha, mwambieni inapofusha ikitolewa bila kupimwa, kwa hiyo tudai ipimwe.

Najua wapo wasiokubaliana nami, hasa kuhusu akina mama kusoma namba. Walete hoja zao kwenye mkutano wa kamati ya afya wa mtaa wao, au wampe mhudumu anayepita nyumbani kwao azifikishe. Na akina mama mliokaa na watoto katika chumba hicho, ninyi hasa ndio tunaotaka kuwasikia: mlielezwa nini, hamkuelezwa nini, na mngependa kujua nini siku ile ya kwanza. Majibu yenu ndiyo yatakayotusaidia kuitengeneza hiyo kadi.